SOMO: KUPIKA MAHARAGI NA NYAMA YA NGURUWE KWA KIKAPU CHA JOTO



Somo hili ni la jikoni, lakini usilipite ukisema, "Hayo ni maneno ya wanawake." Je, anayetoa feza za makala ni nani? Wanaokula ni nani? Na mtoto akiugua usiku, anayembeba mgongoni kwenda kwa mganga ni nani? Basi kaeni pamoja, mume na mke. Mmoja asome, mwingine asikilize. Mwisho wa somo yako maulizo. Jibuni bila kutazama kitabu.

1. SABABU YA SOMO HILI

Hapa Nyamianda, kama katika mitaa mingine ya Uvira, watu wengi hupika kwa makala au kwa kuni. Vyote viwili vyatoka katika miti, na miti ya karibu imekwisha kukatwa. Tazama mlima ulio nyuma ya nyumba zetu. Pahali pengi pamebaki majani na mawe tu. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika, ukavunja nyumba nyingi, na watu wakafa. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mlima usio na miti hauwezi kuyashika maji. Huyaachilia yote mara moja, pamoja na udongo na mawe. Kwa hiyo kila kopo la makala tusilolichoma ni faida mara mbili: faida ya mfuko wetu na faida ya mlima wetu.

Sasa fikiri habari ya maharagi. Maharagi makavu yataka moto wa saa mbili au tatu, na yakiwa ya zamani hupita hapo. Bei yake sokoni si kubwa kama bei ya nyama, lakini moto wake ni ghali. Kwa sababu hiyo mama wengi huyaacha, wakapika bugali na majani kidogo, kwa kuwa chakula hicho huiva upesi. Lakini bugali wa muhogo hushibisha tumbo tu; haujengi mwili. Mtoto alishwaye bugali siku zote bila maharagi, wala samaki, wala nyama, wala maziwa, aweza kushikwa na bwaki: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, mtoto hanuni wala hachezi. Basi ukipata njia ya kupika maharagi kwa moto mdogo, umepata njia ya kumlinda mtoto wako.

Njia hiyo iko. Ni kikapu cha joto.

2. KIKAPU CHA JOTO NI KITU GANI?

Kikapu cha joto si jiko. Hakina moto ndani yake. Ni kitanda cha kulaza chungu kilichokwisha kuchemka, kisipoteze joto lake.

Mtazame kuku anayeatamia. Je, analeta moto? Hapana. Ana joto la mwili wake tu, na manyoya yake hulizuia lisitoke. Mtazame na mtu wa milimani anayejifunika blangeti usiku. Blangeti halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kulinda joto la mtu. Ndivyo ilivyo kwa chungu. Ukikiondoa motoni na kukiacha wazi, upepo hulichukua joto lake upesi. Lakini ukikifunika pande zote kwa kitu chepesi, kikavu, chenye hewa nyingi ndani yake, joto hukaa saa nyingi, na chakula huendelea kuiva chenyewe, nawe uko shambani.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, mtu wa Norwe aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku la kupikia la namna hii. Marekani nako, mwaka 1940, Irving Naxon alipewa hati ya serikali kwa chungu chake cha umeme kinachopika polepole, na maharagi ndiyo yaliyokuwa chakula chake hasa. Watu wa huko hupenda sana kupika maharagi pamoja na nyama ya nguruwe kwa saa nyingi. Lakini chungu cha umeme chataka umeme usiokatika, na sisi twajua umeme wetu ulivyo. Kikapu hakihitaji kitu ila majani makavu na mikono yako.

3. KUTENGENEZA KIKAPU

Tafuta vitu hivi:

Kikapu kipana na kirefu, au sanduku la mbao. Kiwe kikubwa kuliko chungu chako kwa upana wa kiganja kila upande.

Majani makavu ya migomba, au majani makavu ya mlimani, au makapi ya mpunga. Makapi hupatikana bure penye mashine za kukobolea mpunga katika bonde la Ruzizi.

Kitambaa cha zamani, au kitenge kilichochakaa, kwa kufunika ndani.

Mfuko wa nguo ulioshonwa kama mto wa kulalia.

Fanya hivi. Kwanza, tandika majani au makapi chini ya kikapu, unene wa kiganja kimoja, ukayakandamize kidogo. Pili, weka chungu kitupu katikati. Tatu, jaza majani pande zote mpaka yafike kwenye mdomo wa chungu. Nne, kiondoe chungu polepole. Shimo lake libaki kama kiota. Tano, funika kiota hicho kwa kitambaa na kukishona kwenye ukingo wa kikapu, majani yasiingie katika chakula. Sita, jaza mto wako makapi au majani, uwe mnene, nao uzibe mdomo wa kikapu chote bila kuacha nafasi.

Kikapu kikilowa hakifai tena. Maji hulipitisha joto upesi. Kianike juani mara moja kila juma, na majani yakioza au panya wakiingia, yatupe, uweke mapya. Tena usitie kaa la moto ndani ya kikapu hata moja, ukifikiri utasaidia joto. Utachoma nyumba.

4. KOSA LANGU

Kabla sijaandika namna ya kupika, nataka kukueleza kosa langu, nawe usilifanye.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu ya umoniteri nilisikia habari ya kikapu, nikafurahi sana. Nikakitengeneza nyumbani kwetu. Nikamwambia mama yangu, "Mama, leo utaona. Tutapika maharagi kwa makala ya kopo moja." Nikayalowesha maharagi mekundu, nikayatia motoni. Maji yalipoanza kupata moto na kutoa mvuke, sikungoja yachemke sawasawa. Nikakiondoa chungu, nikakilaza kikapuni. Moyoni nikasema, "Kikapu kitamaliza kazi." Jioni tukafungua. Maharagi yalikuwa ya vuguvugu, mengine laini, mengine bado magumu kidogo. Tulikuwa na njaa, tukala.

Haikupita saa mbili, wadogo zangu wakaanza kutapika. Kisha mama. Kisha mimi. Baadaye tumbo likatuendesha. Jirani wakakusanyika, na neno baya likatoka: "Wametiwa sumu." Maharagi yale tuliyanunua kwa mama mmoja, jirani yetu, mjane. Watu wakaanza kumtazama. Usiku ule mmoja akataja karuho, na kesho yake mama yule hakuthubutu kutoka nje.

Asubuhi sisi sote tulikuwa wazima. Nikaenda kituo cha afya kuuliza. Mwuguzi aliniuliza neno moja tu: "Yalichemka muda gani?" Nikanyamaza. Akasema, "Sumu ilikuwamo kweli, lakini hakuna mtu aliyeitia. Imo katika maharagi yenyewe, na moto ndio unaoiua. Wewe hukuipa moto."

Tukaenda pamoja, mama na mimi, kwa yule mjane, tukaomba radhi. Siku ya posho nikanunua kwake maharagi yale yale, nikayachemsha sawasawa, nikayalaza kikapuni, kisha nikamwalika yeye pamoja na wale waliosema. Mimi nilikula kwanza, naye akala wa pili. Hakuna aliyeugua. Maneno yakaisha.

Basi, msomaji, shika neno hili kuliko yote ya somo hili: KIKAPU HAKICHEMSHI. KIKAPU HULINDA TU. Kitu ambacho moto haukukiua, kikapu hakitakiua.

5. ADUI WAWILI WANAOUAWA NA MOTO

Adui wa kwanza yumo katika maharagi. Kila haragi bichi lina sumu ya asili, na maharagi mekundu ndiyo yenye nyingi kuliko mengine. Ndiyo inayolinda mbegu isiliwe na wadudu. Maharagi machache tu yasiyoiva, manne au matano, yaweza kumtapisha mtu. Tena sikia jambo la ajabu: maharagi yaliyopata joto la digri 80 tu, bila kuchemka, yaweza kuwa na nguvu ya sumu kupita mabichi hata mara tano. Uingereza, katika miaka ya 1970 na 1980, watu wengi waliugua hivyo, na wengine walikuwa wametumia vyungu vya kupikia polepole. Hawakujua kuchemsha kwanza. Dawa yake ni nyepesi: lowesha maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, tia maji mengine, chemsha kwa nguvu nusu saa. Baada ya hayo sumu imekufa, nawe waweza kupika polepole upendavyo.

Adui wa pili yumo katika nyama ya nguruwe, naye ni tegu. Nguruwe anayetembea ovyo hula mavi ya watu. Kama mtu yule ana tegu tumboni, mayai ya tegu huingia katika nguruwe, yakawa vifuko vidogo vyeupe katika nyama yake, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, vifuko vinakuwa tegu tumboni mwake, mrefu wa mita kadha wa kadha.

Wengi hukosea hapa, basi angalia sana. Nyama isiyoiva huleta tegu wa tumbo. Lakini mayai yanayotoka katika mavi ya mtu mwenye tegu ni hatari kubwa zaidi. Yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, au kwa maji, au kwa mboga zisizooshwa, huenda mpaka ubongo, nayo huleta kifafa. Kifafa cha namna hii si uchawi, wala si laana ya ukoo. Kwa hiyo kupika nyama sawasawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni choo, sabuni, na nguruwe kufungwa katika banda. Na mtu mwenye tegu aende kwa mganga apewe dawa, kwa kuwa yeye ni hatari kwa nyumba yake yote.

6. KUCHAGUA NYAMA NA MAHARAGI

Ukinunua nyama, nunua kwa mtu anayechinja mbele ya mkaguzi. Tazama nyama yenyewe, tazama na ulimi wa nguruwe upande wa chini. Ukiona punje nyeupe, usinunue. Lakini kutoziona si hakika kwamba hazimo. Zaweza kujificha ndani. Kwa hiyo nyama yote, hata nzuri, iive sana.

Chagua nyama yenye mafuta kidogo, ya tumbo au ya bega. Nyama ngumu ya bei ndogo ndiyo inayofaa zaidi kwa kikapu, maana joto la polepole huilainisha.

Maharagi yawe ya mavuno ya karibu. Maharagi ya zamani hayalainiki upesi, hata ukiyapika mchana kutwa. Usichanganye ya zamani na mapya katika chungu kimoja, maana mapya yatavunjika, na ya zamani yatabaki magumu. Toa mawe, toa yaliyooza na yaliyotobolewa.

7. KAZI YENYEWE

Kipimo hiki ni cha watu sita au wanane:

Maharagi makavu, kilo moja.
Nyama ya nguruwe, nusu kilo.
Vitunguu viwili vikubwa.
Nyanya nne.
Chumvi vijiko viwili vidogo. Onja, uongeze ukipenda.
Pilipili moja, nzima, usiipasue.
Mafuta ya mawese kijiko kimoja, kama nyama haina mafuta.

Chungu kiwe cha litri sita au saba, nacho kijae karibu. Chungu kikubwa chenye chakula kidogo hupoa upesi. Sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana ndiyo bora.

Jioni, saa kumi na mbili. Osha maharagi, yaloweshe katika litri nne za maji safi, funika.

Asubuhi, saa kumi na mbili. Mwaga maji yale. Suuza maharagi mara mbili. Yatie chunguni na maji mapya, yapite maharagi kwa vidole vitatu. Washa mbabula, ukipige moto chungu kwa nguvu. Maji yakianza kububujika katikati, wala si pembeni tu, ndipo uanze kuhesabu nusu saa. Kama huna saa, hesabu hivi: mtu aende kisimani na kurudi, kama safari hiyo umeipima na saa ya jirani ukajua ni nusu saa. Maji yasiache kububujika muda huo wote. Yakipungua, ongeza maji yaliyo moto, si ya baridi.

Maharagi yanapochemka, kata nyama vipande vidogo, upana wa vidole viwili, visizidi. Kipande kikubwa huiva nje, ndani kikabaki chekundu. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi uvioshe kwa sabuni kabla ya kukata kitunguu. Nawa mikono.

Nusu saa ikiisha, ondoa chungu kidogo, uweke sufuria ndogo juu ya makala yale yale. Tia nyama ikaangike kwa mafuta yake yenyewe mpaka iwe ya rangi ya kahawia pande zote. Tia vitunguu, koroga mpaka vilainike. Kisha mimina yote katika maharagi, pamoja na chumvi na pilipili. Nyanya usitie bado. Uchungu wa nyanya, kama wa ndimu, huzuia maharagi yasilainike. Tazama na maji: yafunike chakula kwa kidole kimoja. Usitie mengi, maana ndani ya kikapu maji hayapungui.

Rudisha chungu motoni, kifunike. Kikianza kububujika tena, hesabu robo saa nzima. Usifunue funue.

Sasa fanya upesi. Kikapu kiwe karibu, kimefunguliwa. Ondoa chungu motoni, futa majivu na kaa lolote lililoshika chini, kilaze kiotani hali kingali kikitokota, weka mto juu, kandamiza. Kazi hii isipite muda wa kuhesabu ishirini. Wengi hukiacha chungu chini, wakaenda kutafuta kitambaa, wakasalimiana na mgeni. Joto halingoji salamu.

Makala yaliyobaki usiyaache yateketee bure. Weka juu yake maji ya kunywa, uyachemshe. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mji wetu, na maji ya ziwa au ya mto si ya kunywa vivi hivi. Mtu akiona kwamba moto wa maharagi umempa na maji salama ya siku nzima, atajua faida ya kikapu.

8. KUFUNGUA KIKAPU

Nenda shambani, nenda sokoni. Watoto waonywe wasifunue kuchungulia. Kila kufunua ni kutoa joto.

Saa sita au saa saba mchana, fungua. Mvuke utoke, na chungu kiwe cha moto hata usiweze kukishika kwa mkono mtupu. Kama chungu ni cha vuguvugu tu, kikapu chako kina tundu, au ulichelewa. Chakula kilichokaa vuguvugu saa nyingi usikile, wala usidhani kukichemsha kutakiponya. Vidudu vingine hutoa sumu isiyokufa kwa moto. Ni hasara, lakini ni hasara ndogo kuliko ugonjwa. Siku ya kwanza, ili usipate hasara hiyo, jaribu kikapu kwa maji tu: chemsha chungu cha maji, kilaze saa tano, kisha tazama kama bado yanaunguza.

Ikiwa chungu ni cha moto, kirudishe juu ya makala machache. Tia nyanya zilizokatwa. Kichemke tena robo saa. Minya haragi moja kati ya vidole: livunjike lote, lisiwe na kiini kigumu. Kata kipande cha nyama: kusiwe na wekundu ndani. Kama maharagi bado ni magumu, yaendelee motoni mpaka yawe laini. Usione haya, maharagi mengine ni ya zamani kuliko alivyokuambia mwuzaji.

Usikiache chakula kikapuni kupita saa sita, wala usikilaze humo usiku kucha. Kula pamoja na bugali, au wali, au ndizi.

9. MABAKI

Mabaki yawekwe pahali penye baridi, katika chombo kipana, siyo kirefu, yapoe upesi. Kesho yake yachemke sana kabla ya kuliwa. Yakinuka au yakitoa povu, yatupe.

Usiwape nguruwe wako mabaki yenye nyama ya nguruwe. Ipo homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliiandika mara ya kwanza mwaka 1921 huko Kenya. Homa hii haimdhuru mtu hata kidogo, lakini huua nguruwe wa kijiji kizima, na huweza kusafiri katika kipande cha nyama na katika mabaki ya jikoni. Hata leo haina dawa. Mfugaji mwenye akili huchimba shimo la taka, nguruwe wasifike.

10. KWA WATU WA MILIMANI, NA KWA WASIOKULA NGURUWE

Hapa ziwani, penye urefu wa karibu mita 780, maji huchemka kwa digri 97. Lakini milimani, penye mita 2,500, huchemka kwa digri 92 tu. Yanabubujika vile vile, lakini hayana joto lile lile. Ndiyo sababu maharagi huchelewa kuiva huko juu. Ninyi mlio huko, chemsheni maharagi saa nzima kabla ya kutia nyama, tena robo saa ya pili iwe nusu saa. Kikapu chenu kiwe na unene wa viganja viwili, kwa ajili ya baridi.

Waislamu, Waadventista na wengine wasiokula nguruwe wanaweza kupika vile vile kwa nyama ya ng'ombe au ya mbuzi. Na asiye na feza ya nyama atie ndagala wakavu waliooshwa, siku ile anapotia nyanya, maana ndagala huiva upesi. Ukimwalika jirani, mwambie wazi nyama iliyomo. Chungu kisilete ugomvi.

11. MWISHO

Usiniamini kwa maneno tu. Pika maharagi siku moja kwa njia yako ya zamani, uhesabu makopo ya makala. Pika tena kwa kikapu, uhesabu. Andika hesabu zote mbili ukutani kwa kaa, mke na mume wazione. Haba na haba hujaza kibaba. Makala ya mwezi yakipungua, feza hizo zinunue maharagi zaidi, au daftari ya mtoto, au miche ya miti ya kupanda mlimani.

Wazee husema, haraka haraka haina baraka. Katika somo hili haraka ina pahali pamoja tu: kutoka motoni mpaka kikapuni. Kabla ya hapo, ngoja maharagi yachemke. Baada ya hapo, ngoja yaive. Na jirani akiugua baada ya kula, uliza kwanza habari ya chungu kabla ya kutaja jina la mtu.

MAULIZO

1. Kikapu cha joto chafanya kazi gani? Kwa nini hatusemi kwamba chapika?
2. Kwa nini maji ya kuloweshea maharagi humwagwa?
3. Maharagi yachemke muda gani kabla ya kwenda kikapuni hapa ziwani? Na milimani je?
4. Kwa nini maharagi ya vuguvugu ni hatari?
5. Tegu hutoka wapi? Na kifafa kiletwacho na mayai yake hutoka wapi? Je, njia ni moja?
6. Kwa nini nyanya hutiwa mwisho?
7. Chungu kikifunguliwa kikiwa cha vuguvugu, utafanya nini?
8. Kwa nini hatumpi nguruwe mabaki yenye nyama ya nguruwe?
9. Moniteri aliugua, na jirani akashitakiwa bure. Mwenye kosa alikuwa nani?